Kijani cha Pili

"Ifahamike kwa wakazi wote wa Mabela, wenyeji na wageni, wenye magari na wasio nayo, kwamba Mtukufu Bibi Ghaima, binti wa mawingu, ameatamia mayai yake kwa afya na salama, na kwamba tangu saa hii ni marufuku kupiga chafya katika ua huu bila kibali cha maandishi."

Tangazo hilo lilisomwa na Afra akiwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono mmoja mgongoni, wa pili umeshika upawa. Kati ya wakazi wote wa Mabela, waliolisikia walikuwa wawili. Paka wa jirani aliendelea kujilamba. Bibi Masouda, mama wa babake, kutoka dirisha la jikoni, alimwambia ashuke juu ya ndoo yake ya kufulia na arudishe upawa, mchele unashika chini.

Afra alikuwa na miaka kumi na sita, na ndio kwanza amekuja Maskati likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana huko Arusha, alikopelekwa na babake ili anyooke. Shule ilikuwa bado inajaribu. Matangazo ya paredi alikuwa akiyasoma yeye. Mwalimu wa zamu alimpa kazi hiyo iwe adhabu, naye akaigeuza cheo. Asubuhi moja alitangaza, uso mkavu kama wa kadhi, kwamba mkuu wa shule ameagiza viatu vyote vya mguu wa kushoto vipelekwe ofisini kukaguliwa, na bweni zima likaenda kupanga foleni likichechemea.

Ghaima alikuwa kozi jike, ndege wa kuwindia, wa ami yake, Ami Thani. Tangu astaafu serikalini na kufiwa na mkewe, mzee huyo alikuwa hana pa kwenda asubuhi isipokuwa kwa ndege wake. Alimpata Ghaima angali kinda mwenye manyoya ya pamba, akamlea kwa mkono, akamjengea uani nyumba ya kuzalia yenye kuta zisizo na dirisha, juu wavu, chini changarawe nyeupe. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Ghaima alikuwa amemkubali mume, dume dogo mithili ya shati lililofuliwa kwa maji ya moto, na akataga. Ndani hapakuingia mtu. Nyama ilipitishwa kwenye bomba ukutani, ikadondokea kwenye kibao alichozoea kulia. Kuchungulia, lilikuwapo tundu moja tu, si kubwa kuliko jicho.

Kila asubuhi akisharudi msikitini, Ami Thani aliweka jicho lake hapo, na wiki ya kwanza ya likizo alimwita Afra aweke na lake.

"Kozi hasemi naumwa, mwanangu," alimwambia. "Porini akionyesha unyonge ataliwa. Basi huficha. Atakaa wima kama askari mpaka saa ya kuanguka. Weye ukitaka kumjua, usimtazame uso. Tazama chini."

Chini kulikuwa na choo chake. Ami Thani alikieleza kwa heshima ambayo watu wengine huiweka kwa ajili ya vito. Cheupe kama chokaa chenye doa jeusi katikati, hiyo afya. Cha manjano, hapo pana shaka. Cha kijani, basi tumbo ni tupu au ini limeharibika, na hapo mtu hangoji chai, ni mbio kwa daktari.

Afra alisikiliza kwa makini sana, kama anavyomsikiliza kila mtu anayemweleza, pasipo kujua, namna ya kumtisha.

Jikoni kwa Bibi Masouda mlikuwa na chupa ndogo ya rangi ya kijani, ya kutilia kashata za nazi. Afra aliichukua mchana watu wamelala, akachovya mrija wa juisi, akaupitisha katika bomba la chakula na kudondosha matone kwenye changarawe, chini ya kibao, juu ya choo cheupe cha Ghaima. Chupa ilikwisha, akaitupa; kazi ilikuwa safi. Alikwisha kutunga na tangazo lake: mtukufu Bibi Ghaima amekula mchicha. Alitaka Ami Thani aruke, apige kelele, halafu ajue, halafu acheke. Tangu afike hakuwa amemsikia akicheka hata mara moja, na utotoni Afra alimjua kuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta.

Asubuhi alijibanza nyuma ya tangi la maji. Ami Thani akaja, akaweka jicho. Hakuruka. Alitoa simu, akapiga picha kupitia tundu lile, akarudia. Halafu akaketi chini, juu ya saruji yenye vumbi, na dishidasha yake nyeupe aliyotoka nayo msikitini.

"Ya Rabbi," alisema taratibu, "hata huyu?"

Tangazo la mchicha Afra hakulisoma. Alijiambia atatoka mara tu ami atakapoinuka. Ami aliinuka akiwa anapiga simu. Alijiambia atasema mara tu simu itakapokatwa. Ilipokatwa, Ami Thani alikuwa amekwisha kushika wavu na anafungua mlango ambao haukufunguliwa tangu Ghaima aanze kutaga, na kutoka hapo kila dakika ilikuwa imechelewa kuliko iliyotangulia.

Ghaima alipambana. Aliruka kutoka kiotani kwa kishindo, akapiga ukuta, na aliponaswa na kuvishwa burqa, ile kofia ndogo ya ngozi ya kumziba macho, yai moja lilikuwa limebingirika na kupasuka. Ami Thani aliliokota kwa tishu. Alisema ni qadar ya Mwenyezi Mungu. Afra, aliyekuwa ameshika mlango, alijua kuwa katika jambo hili Mwenyezi Mungu alikuwa na msaidizi.

Zahanati ya ndege ilikuwa Al Amerat, upande wa pili wa milima. Daktari wake aliitwa Winifrida, mwanamke wa Bukoba aliyekaa Oman miaka mingi na kuzoea kuwatuliza wanaume wazima waliobeba ndege. Alipima damu, akapima koo, akampiga picha ya mifupa, akatazama choo ambacho Ghaima alikitoa hapohapo mezani: cheupe, doa jeusi. Alimwambia Mzee Thani kwamba ndege huyu ni mzima kuliko wote waliomo chumbani. Kijani hicho hakuweza kukieleza. Labda chakula, labda joto. Ila alimwonya asimkamate tena ovyo wakati wa kuatamia. Mara hii atarudi kwenye mayai. Mara nyingine huenda asirudi.

Alirudi, na nyumba ikashusha pumzi. Hapo ndipo Afra angeweza kusema, na ndipo ilipokuwa rahisi kuliko vyote kutosema. Kumetokea nini? Ndege mzima, mayai yaliyobaki yana joto. Tatizo ni kwamba Ami Thani hakuweza kukaa na jambo lisilo na sababu. Aliwaza, akaamua kwamba wabaya ni kware aliokuwa akimlisha, wale wa dukani waliogandishwa, hajui walikufa lini wala kwa nini. Kuanzia siku ile akawa anamchinjia Ghaima njiwa wake mwenyewe wa darini, mbichi, na damu yao ya moto. Bibi Masouda alimuuliza kama njiwa hawana maradhi. Alijibu kwamba hawa amewalea kwa mkono, wanakula mtama aliouchagua yeye, watakuwa na uchafu gani?

Na kijani nacho kikaingia katika sheria za nyumba. Wageni waliokuja kuuliza hali waliambiwa kwamba Ghaima ana kijani chake, daktari kesha kitazama, hakina neno. Alikuwa na kijani chake kama jirani alivyokuwa na presha yake.

Afra sasa alichungulia tunduni mara nyingi kuliko ami yake. Hakuchungulia kwa mapenzi ya ndege. Alichungulia kama mtu anayepita mara kwa mara mbele ya nyumba aliyoivunjia kioo. Ndiyo sababu alikuwa wa kwanza kuona.

Lilikuwa ni jambo dogo. Ghaima alichukua kipande cha nyama, akakitikisa, akakitupa. Akachukua kingine, akanyoosha shingo kama anayemeza mfupa, akakitupa hicho pia. Kesho yake alikaa juu ya gogo lake mchana kutwa, jua la Mabela likichemsha bati, naye amejitutumua manyoya kama mtu mwenye baridi, na yale macho ya duara yamekuwa membamba kama kokwa za tende. Mayai alikuwa ameyakalia mume, nusu yamefunikwa, nusu yako nje, kwa kuwa mwili wake haukutosha. Mara Ghaima alisikia hatua, akajinyoosha, manyoya yakalala, akawa askari. Alipodhani hakuna mtu, akafura tena.

Afra akatazama chini. Kijani.

Hakikuwa kile cha kashata, kilichong'aa kama bendera. Hiki kilikuwa cheusicheusi, kama ukoga wa birika, chepesi, kimeingia ndani ya weupe na kuuchafua. Alikitazama mpaka jicho likamwuma. Katika watu wote wa dunia hii ni yeye peke yake aliyejua kwamba hiki ndicho kijani cha kwanza.

Alimkimbilia Ami Thani barazani. Akamwambia Ghaima anatupa nyama. Ami alisema amekinai, si njiwa wa jana alikuwa mkubwa? Akamwambia amejifura. Alisema majike wakiatamia hufura. Akamwambia kuna kijani.

"Kijani chake hicho," alisema Ami Thani, na kwa mara ya kwanza tangu Afra afike alikuwa karibu kutabasamu. "Umeanza kuwa mfugaji, eh? Usiogope. Nikimshika tena atayasusa mayai, na daktari kesha nambia hana kitu."

"Na kama safari hii ni kweli?"

"Kwani safari ile ilikuwa uwongo?"

Alikuwa anauliza tu, akimimina kahawa. Afra alisema hapana, hakuwa na maana hiyo, akaingia ndani akakaa kitandani na kuuma ukucha wa kidole gumba. Angeweza kusema sentensi moja. Alijaribu kuitunga, kama alivyozoea kutunga, na kila alipoitunga ilitoka na mtu mwingine ndani yake: rangi ilidondoka, chupa ilimwagika, kulitokea mzaha. Kesho yake alijaribu njia nyingine. Alimwambia Bibi kwamba ameota ndoto mbaya. Bibi alimwambia asome Ayatul Kursi. Alimwaga nyama ya njiwa kwa makusudi ili Ghaima asipewe. Ami alichinja mwingine. Na Ghaima hakumgusa huyo mwingine. Alifunua mdomo tu, akawa anapumua hivyo, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kusema jambo na hasemi.

Siku hiyohiyo Bibi Masouda alikuwa anapika kashata. Kulikuwa na wageni wa posa kwa jirani. Zote zilitoka nyeupe. Alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Alisema peke yake kwamba angeapa alikuwa na chupa imejaa, lakini siku hizi hajiamini, mambo yanamtoka. Labda ameanza kuwa kama dadake, aliyesahau mpaka majina ya wanawe. Alisema hivyo bila huruma, kama anayesema nazi zimepanda bei, akaendelea kukata kashata. Afra alikuwa anapanga sahani. Sahani moja ilimponyoka.

Alitoka mpaka barazani na kufanya jambo ambalo alilihesabu kuwa la ujasiri, ingawa lilikuwa ujasiri wa mtu anayetupa jiwe kisha anajificha. Alimwomba Ami Thani ampelekee daktari picha ya kijani cha leo pamoja na ile ya kwanza, ili tu roho yake itulie. Ami alizipeleka, kumridhisha. Daktari Winifrida alipiga mara moja. Ami aliweka sauti ya wazi, simu ikawa mezani karibu na kahawa, na Bibi akaja na sahani ya kashata zisizo na rangi.

Daktari aliuliza anakula? Ami alisema si sana. Aliuliza anapumua mdomo wazi? Ami alimtazama Afra, na Afra alitikisa kichwa kukubali.

"Mzee Thani, nisikilize," ilisema simu. "Hizi picha mbili si kitu kimoja. Sijawahi kuona ini likatoa kijani kama hicho cha kwanza. Sasa, kama kilikuwa cha kweli, basi ana tatizo la muda mrefu, tusimsumbue kwenye mayai, nitakuja mwenyewe kesho kutwa. Kama hakikuwa cha kweli, ndege huyu anaumwa sasa, na kesho kutwa nitakuja kuzika. Ni kipi?"

Ami Thani alisema bila shaka kilikuwa cha kweli, alikiona kwa macho yake. Afra alingoja picha ziseme. Alikuwa ameziweka pamoja zisemee, na zilikaa pale kimya kwenye kioo cha simu.

Bibi Masouda aliinama, akaisogeza simu mbali na macho yake, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Hii rangi yangu," alisema. "Hii ya kashata."

Wala hakumtazama mwanawe. Alimtazama Afra, na macho yake, ambayo dakika moja nyuma yalikuwa ya mtu anayezeeka, hayakuwa yamesahau kitu.

"Cha kwanza si cha kweli, daktari," Afra alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu ya paredi, kwa sababu simu inaweza isisikie. "Si cha kweli. Ilikuwa rangi. Tunamleta."

Ami Thani hakuuliza. Alikuwa amekwisha kusimama na wavu. Na safari hii Ghaima hakupambana; alikamatwa juu ya gogo kama tunda lililoiva, na hilo ndilo lililomfanya mzee afunge mlango wa gari vibaya mara mbili. Bibi alibaki na mayai. Alipokuwa anamkabidhi Afra sanduku la ndege alisema neno moja tu, nalo ni la wahenga: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Njia ya kuvuka milima kwenda Al Amerat ni ya kupinda na kuteremka, na Afra aliipita yote sanduku likiwa mapajani, akihesabu pumzi kwa sikio. Ami Thani hakufungua redio. Hakumgombeza. Afra aliwahi kugombezwa na mabingwa, walimu wa zamu wenye shahada zao, na sasa angempa yeyote kati yao mkono amwombe aje kukaa kiti cha nyuma.

Mezani, Daktari Winifrida alimfunua Ghaima mdomo na kuwamulikia kwa taa. Ulimi ulikuwa umezungukwa na utando mweupe wa manjano, mzito kama jibini, umeshuka mpaka kooni, na ulinuka. Aliubandua kidogo kwa pamba, akautazama kwenye hadubini yake, akarudi kusaga vidonge. Alisema ni ugonjwa wa koo, vijidudu, hupatikana kwa njiwa wabichi. Njiwa hubeba wala haumwi, awe wa sokoni au wa kulelewa kwa mkono.

"Tangu lini unampa njiwa, Mzee?"

"Tangu kile kijani," alisema Ami Thani, na kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Daktari alipitisha dawa kwa mrija mwembamba hadi tumboni. Alisema kama wangengoja, koo lingeziba. Sasa ana nafasi, ila yeye haahidi kitu. Usiku huu atabaki naye. Mayai, kama dume hajayaacha, yapelekwe kwenye mashine ya kutotolea, lakini yamekwisha pata baridi mara nyingi, wasitegemee sana.

Waliambiwa wangoje nje. Palikuwa na benchi la chuma chini ya kivuli cha bati, na milima mikavu mbele yake, rangi ya mkate ulioungua. Ami Thani alikaa. Mkononi alikuwa bado na ile burqa ndogo, anaigeuzageuza kwa vidole.

"Ilikuwaje?" aliuliza mwisho.

Afra alisimama. Hakujua kwa nini amesimama. Mkono mmoja ulikuwa umekwenda mgongoni wenyewe.

"Palikuwa na msichana mmoja," alianza, "mwenye tabia ya kudharau mambo makubwa, naye siku moja, watu wamelala—"

"Msichana gani?"

Aliutoa mkono mgongoni. Hakujua auweke wapi. Ndani, nyuma ya mlango, kulisikika sauti nyembamba ya Ghaima, ya kukwaruza, kisha ikanyamaza.

"Mimi, Ami," alisema. "Rangi ni mimi. Nilijificha nyuma ya tangi nikakuona umekaa chini, na sikutoka. Yai ni mimi. Njiwa umempa weye, lakini ni mimi niliyekupa sababu. Nilitaka ucheke."

Ami Thani hakumtazama. Alisogea kidogo kwenye benchi, au labda alikuwa anatafuta kivuli. Afra hakuthubutu kukaa.

"Na Bibi hajaanza kusahau," alisema. "Mwambie. Ile chupa niliimaliza mimi."